Mguu wa Alute

Pale Unyambwa hapakuwa na mwanaume aliyesifiwa kwa kazi kama Alute, wala hapakuwa na aliyeifanya kidogo kama yeye. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalitokana na mkewe, Rahabu.

Siku zile Waingereza walikuwa bado wako bomani, na kampuni moja ya kununua mazao ilikuwa imejenga ghala kubwa la mabati pembeni mwa mji wa Singida. Karanga, ngozi, nyonyo na nta ya nyuki vilikusanywa humo mpaka malori yaje kuvipeleka stesheni ya Itigi. Alute alikwenda kuandikwa kazi kwa sababu karani wa kodi alikuwa amemtembelea mara nyingi kuliko shemeji zake. Akapewa kipande, ile kadi ambayo nyapara aliitia alama kila siku mtu alipofanya kazi. Siku ya kwanza alibeba magunia. Siku ya pili alibeba magunia huku akiwaza. Siku ya tatu alirudi nyumbani, akajilaza kifudifudi juu ya ngozi, akamwambia mkewe, "Mama Esta, kesho nenda wewe kidogo. Kawaambie mgongo unauma."

Rahabu akaenda na habari za mgongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Kinyangiri, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Nyapara wa ghala, jina lake Fabiano, hakutaka kusikia habari za mgongo wa mtu. Alitaka mtu wa kuchambua karanga na kushona magunia kabla lori halijafika.

"Kipande unacho?" akamwuliza.

Rahabu akakitoa.

"Basi ingia."

Jioni Fabiano akatia alama kwenye kipande cha Alute. Kesho yake Rahabu akarudi tena, maana mgongo wa mumewe ulikuwa haujapata nafuu. Haukupata nafuu msimu ule wala msimu uliofuata, isipokuwa siku za mshahara. Siku hizo Alute aliamka mapema, akavaa koti, akaenda mwenyewe kuweka dole gumba.

Kampuni haikuandika wanawake. Meneja, Mwingereza mmoja mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Taratibu kwa sababu hakumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo, alisema ghala si mahali pa mwanamke, taratibu haziruhusu. Kwa hiyo wanawake wote waliokuwamo ghalani, na hawakuwa wachache, walikuwa na majina ya waume zao na kaka zao. Mmoja wao, Elizabeti, aliitwa Simoni, jina la baba yake. Baba huyo alikuwa ameandikwa kazi muda mfupi kabla ya kufariki, na binti yake hakuona sababu ya kupoteza kipande kizuri. Asubuhi Fabiano alisimama mlangoni akaita, "Alute!" Rahabu akaitika, "Nipo." "Simoni!" Elizabeti akaitika, "Nipo." Mwanzoni walikuwa wakichekana. Baadaye wakazoea.

Kwa kuwa Rahabu alishona magunia kwa haraka na mshono wake haukufumuka njiani, Kampuni ilimtambua Alute kuwa mfanyakazi bora wa msimu. Zawadi ilikuwa blanketi. Alute alilipokea mwenyewe mbele ya watu, akashikana mkono na Bwana Taratibu, na jioni hiyo akakaa na vijana kwenye pombe ya mtama akawaeleza kwamba ujana si mali kitu kama mtu hajui kujituma. Rahabu alisikia maneno hayo akiwa anapita na mtungi. Alicheka, lakini alipofika nyumbani alikaa akijichua vidole vilivyochubuliwa na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia.

Mwaka huo mvua ilizidi. Barabara ya Itigi ikawa tope, malori hayaji, na karanga nyingi zikabaki kwa wakulima vijijini. Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa Kampuni anatoka Dar es Salaam kukagua ghala. Bwana Taratibu alikuwa amekwisha kuandika kwa wakubwa wake kwamba ghala limejaa hadi paa. Alipoingia kutazama, akakuta limejaa hadi kiunoni.

Kuongeza karanga hangeweza. Kupanga upya angeweza. Akaamuru magunia yote yapangwe upande wa mbele, safu moja juu ya nyingine, mpaka yaguse boriti za paa, ili mtu akisimama mlangoni aone ukuta wa magunia toka pembe mpaka pembe. Wanaume walipanda ngazi kutwa nzima. Ukuta ulipokamilika ulipendeza kama wa kanisa. Nyuma yake palikuwa patupu, na hapo ndipo wanawake walipoambiwa wakae, waendelee kushona magunia matupu, wasionekane.

Rahabu alitazama juu. "Baba," akamwambia Fabiano kwa adabu, "ukuta huu umelalia huku kwetu."

"Mkubwa anaingia kwa mlango wa mbele," Fabiano akajibu. "Huku nyuma hatafika."

"Sisi tuko huku nyuma."

"Ninyi si wageni."

Mkubwa akaja. Alikuwa na fimbo ya kutembelea, na kwa furaha ya kuona mali nyingi vile akaugonga ukuta mara kadhaa kwa fimbo hiyo, kama mtu anayempigapiga ng'ombe mnono mgongoni. Akanywa chai, akaandika sifa, akapanda gari. Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua pale ukuta ulipoanza kutoa mlio wa gunia likisuguana na gunia. Wanawake wakakimbia. Rahabu alikuwa amekaa chini katikati, miguu ameinyosha, gunia mapajani na shazia mkononi, ndiye aliyechelewa.

Elizabeti na wenzake walimfukua. Magunia mawili yalikuwa yameulalia mguu wa kushoto chini ya goti, na mguu ule haukuwa tena umenyooka. Rahabu hakulia. Aliuliza tu kama kuna mwingine aliyebaki chini. Walimbeba juu ya mlango uliong'olewa kwenye choo cha ofisi, na Bwana Taratibu, alipoona, akauliza ni nani aliyeruhusu mlango ung'olewe.

Hospitali ya serikali alipokelewa na dresa aitwaye Melkizedeki, mtu mzima mpole aliyekuwa amefunga vidonda vya nusu ya mji. Alipokuwa anachukua maelezo, Fabiano aliyewafuata alimwinamia sikioni.

"Andika Alute," akamnong'oneza.

"Alute ni nani?"

"Ni huyu. Yaani, kazini ni huyu."

Melkizedeki akaendelea kuandika. "Bwana nyapara, mimi naandika kile ninachokifunga. Ninamfunga mwanamke."

Hivyo hospitali ikawa na Rahabu aliyevunjika mguu, na Kampuni ikawa na Alute aliyevunjika mguu. Bwana Taratibu alituma sukari nyumbani kwa mgonjwa, na Alute aliipokea kwa uso wa huzuni, akaikoroga kwenye uji.

Rahabu alirudi nyumbani na mguu kwenye plasta. Wiki za mwanzo alivumilia maumivu; wiki zilizofuata alivumilia majirani waliokuja kumpa pole Alute. Kilimo cha uwele kilikuwa kimefika palizi, na Esta, binti yao, alikuwa mdogo bado kushika jembe. Alute alishika jembe yeye mwenyewe. Tuseme haki: alilima. Alilima vibaya, akipumzika kila tuta, lakini alilima, na alijifunza kumpikia mkewe ugali ambao haukuwa na mabonge sana. Kisha akaalikwa harusini Utemini.

Bwana Taratibu alikuwa anapita na gari siku hiyo. Aliona watu wanacheza, na mbele yao wote, akiruka na kukanyaga ardhi kwa miguu miwili, aliona mfanyakazi wake bora wa msimu.

Barua ilifika siku chache baadaye. Alute akampelekea mwalimu wa dini aisome, kisha akarudi nyumbani amefura.

"Wamenifukuza," akasema, akiwa amesimama mlangoni.

Rahabu alikuwa amekaa juu ya kigoda, mguu ameuegemeza kwenye gogo. "Wamekufukuza wewe?"

"Mimi. Wanasema wamefurahi mguu wangu umepona upesi. Wanasema habari ya mguu imekwisha. Na kwa kuwa nimepona na kazini siendi, nimefukuzwa kwa uvivu." Akakaa chini. "Mimi, Mama Esta. Baada ya misimu miwili."

Rahabu alimtazama sana. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, na baadhi yake aliyajua kwa Kinyiramba tu, ambacho mumewe hakukielewa vizuri. Akayaacha yote. "Nipe gongo langu la kutembelea," akasema. "Nataka kuona kama naweza kufika njiani."

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umeunga, lakini ulikuwa umepinda na mfupi kuliko mwenzake. Rahabu hakuweza kuchutama kupalilia, wala kubeba mtungi bila kumwaga nusu yake. Hilo ndilo lililomtisha. Kulala na maumivu aliweza. Kuwa mtu wa kuletewa maji hakuweza.

Fabiano alikuja kumwona. Alikaa, akasifu nyumba, akasifu mtoto, kisha akasema, "Mama, haya ni shauri la Mungu. Tumwachie yeye."

"Sawa, baba," Rahabu akasema. "Kama ni shauri la Mungu nitaliombea Jumapili. Lakini leo ni Jumatatu, nataka kwenda kwa Bwana Shauri."

Bwana Shauri ndilo jina watu walilompa Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, ambaye ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyehukumu kesi, na ndiye aliyesikiliza malalamiko juu ya kodi na juu ya hukumu. Kumfikia kulitaka barua. Na barua Singida nzima ziliandikwa na Leonidas.

Leonidas alikuwa karani wa baraza zamani, akaachishwa kwa sababu alipenda kuandika kuliko baraza lilivyopenda kusoma. Sasa alikaa Utemini kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na meza, na kidau cha wino, na kofia. Malipo yake yalikuwa kuku. Alimsikiliza Rahabu akiwa amefumba macho, kisha akaandika mpaka fundi akafunga duka. Alipomaliza alimsomea. Barua ilianza kwa kumsalimu Mfalme, ikamsalimu Malkia, ikawasalimu binti zao kwa majina, ikashukuru kwa amani, reli na chanjo ya ng'ombe, ikaeleza jinsi Wanyaturu na Wanyiramba walivyolala usingizi mzuri chini ya bendera.

"Na mguu?" Rahabu akauliza.

"Mguu upo. Ukurasa wa mwisho, chini."

"Hauwezi kupanda juu kidogo?"

Leonidas alimtazama kwa huruma. "Mama, mtu haingii nyumbani kwa mkubwa akaanza na mguu. Anaanza na hodi."

Jibu lilitoka bomani baada ya majuma mengi. Bwana Shauri alishukuru kwa salamu hizo za utii na akaahidi kuzifikisha panapohusika. Juu ya mguu hapakuwa na neno. Ilionekana msomaji hakufika ukurasa wa mwisho, na ni vigumu kumlaumu.

Leonidas aliona hayo kuwa ushindi mkubwa, akaomba kuku wa pili.

Ni Elizabeti aliyeleta habari za wakili. Alikuwa bado anafanya kazi ghalani kwa jina la marehemu, na siku moja jioni alikuja Unyambwa akiwa na vumbi la karanga nywele nzima. "Dada," akasema, "kuna wakili Mhindi ametoka Dodoma kwa kesi ya wafanyabiashara. Kesi imeahirishwa. Bwana Shauri amekwenda kuwinda. Amerudi, ameona amechoka, ameahirisha tena. Wakili amekaa tu kwenye duka la ndugu yake, anahesabu nzi. Watu wanasema ana hasira."

"Hasira na nani?"

"Alikwenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya serikali, wakamwambia vitanda vya pale si vya watu kama yeye. Analala kwenye magunia ya chumvi."

Rahabu akafikiri kwamba mtu anayelala juu ya magunia huenda akaelewa habari za magunia. Asubuhi akashika gongo, akatembea mpaka mjini, akipumzika kila mahali palipo na jiwe. Singida haina shida ya mawe.

"Shikamoo, Bwana wakili."

"Marahaba, mama. Kaa hapo. Mguu umefanya nini?"

Lilikuwa swali la kwanza kuhusu mguu lililoanza na mguu. Rahabu alimweleza kila kitu, pamoja na mgongo wa Alute, blanketi na harusi. Wakili, mtu mnene mwenye miwani, alianza kusikiliza akiwa ameegemea mzani wa duka, na habari ilipofika kwenye harusi alikuwa amevuta kiti karibu.

"Kuna sheria mpya," akasema. "Mtu akiumia kazini, mwajiri anamfidia. Inasema: mwanaume wa kazi."

"Basi si yangu."

"Ngoja. Kuna sheria nyingine inayofundisha namna ya kuzisoma sheria. Hiyo inasema, popote palipoandikwa mwanaume, humo ndani yumo na mwanamke."

Rahabu alifikiri. "Sheria hiyo haijafika Unyambwa."

"Haijafika Dodoma pia," wakili akasema, "lakini imeandikwa. Nitaisimamia kesi yako. Usiniulize malipo; tukishinda Kampuni itanilipa, na tukishindwa nitakuwa nimemsumbua Bwana Shauri asiende kuwinda. Mume wako ataweza kusema mbele ya baraza kwamba kazi ilikuwa yako?"

"Sijui, Bwana," Rahabu akasema.

Na shaka yake haikuwa bure. Habari za wakili zilifika ghalani kabla yeye hajafika nyumbani. Jioni ile Fabiano alimkuta Alute penye pombe, akamwahidi kazi ya ulinzi wa ghala. Sharti moja tu: aseme mguu uliovunjika ulikuwa wake, na umepona.

Alute hakumficha mkewe. Alikaa karibu na moto, akachokonoa makaa kwa kijiti. "Ni kazi ya kukaa, Mama Esta," akasema kwa sauti ya mtu aliyeona ndoto yake ikipita barabarani. "Unakaa tu, mpaka kunakucha. Na koti wanatoa."

"Na mimi?"

"Ndiyo maana nakueleza."

"Unataka nikusaidie kufikiri?"

"Ukipenda."

"Sipendi," Rahabu akasema, akageukia ukutani.

Siku ya kesi baraza lilijaa, maana watu wa Singida walikuwa hawajawahi kuona mguu mmoja ukigombewa na watu wawili. Bwana Shauri alikaa mezani, uso mwekundu kwa jua la kuwinda. Alikisema Kiswahili cha mtihani, kila neno limepigwa pasi. Bwana Taratibu alieleza kwanza. Kampuni, alisema, haina mwanamke hata mmoja, taratibu haziruhusu. Mfanyakazi aliyeumia ni Alute. Alute amepona, ameonekana akicheza. Kama mwanamke huyu alikuwa ghalani siku hiyo, basi aliingia bila ruhusa, na Kampuni kwa wema wake haitamshtaki.

"Mwite Alute," akasema Bwana Shauri.

Alute akaingia akichechemea.

Fabiano alifumba macho. Alikuwa amemwagiza aseme amepona. Rahabu naye alishika gongo kwa nguvu. Alute alikuwa amekesha akifikiri, na hatimaye alikuwa ameamua kusimama upande wa mkewe kwa njia ya pekee aliyoijua. Kama Kampuni inalipa mguu wa Alute, basi Alute ataleta mguu mbovu, na fidia itafika nyumbani kwa njia yoyote. Aliikataa kazi ya kukaa na koti juu yake. Ilikuwa sadaka kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na ilikuwa inaelekea kuharibu kila kitu.

"Ni mguu upi ulioumia?" Bwana Shauri akauliza.

Alute akatazama miguu yake. Alikuwa ameingia akichechemea wa kulia. Akamtazama mkewe.

"Kushoto," Rahabu akasema polepole.

"Kushoto, Bwana," Alute akasema, akabadilisha.

Watu wakacheka mpaka tarishi akagonga fimbo sakafuni. Rahabu akasimama. "Baba Esta," akasema, "keti tu. Umefanya vizuri. Lakini mguu huu niachie mwenyewe." Alute akakaa, jasho likimtoka, na safari hii hakujua achechemee kwa upi.

Wakili aliinuka. Alimwita Melkizedeki, dresa, naye akaeleza alichokifunga. Halafu akamwita Fabiano na kumkabidhi orodha ya Kampuni yenyewe. "Nyapara," akasema, "nataka tu baraza lisikie unavyoita watu asubuhi. Ita kama kawaida."

Fabiano hakuona mtego wowote. Alipenda kuita. Akakohoa, akatoa ile sauti yake ya mlangoni: "Alute!"

"Nipo," akasema Rahabu.

Alute mwenyewe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa nyapara na hakutikisika. Sauti ile kwake ilikuwa ngeni. Fabiano, kwa kuwa mdomo ulikwisha kushika njia, akaendelea: "Simoni!"

"Nipo," akasema Elizabeti kutoka nyuma.

Bwana Shauri akainua kalamu. "Simoni ni nani?"

Elizabeti akasimama. Hakuwa na nia ya kumchekesha mtu. "Ni baba yangu, Bwana. Alifariki mwaka wa njaa."

"Naye anafanya kazi ghalani?"

"Kila siku, Bwana. Isipokuwa Jumapili."

Bwana Taratibu akaanza kusema kitu kuhusu taratibu. Bwana Shauri akamwomba akae. Haikuwa huruma iliyomsukuma Bwana Shauri, nadhani. Kilichomchoma ni kwamba ofisi yake, iliyokagua orodha ya Kampuni, ilikuwa imempiga Simoni mhuri kuwa hai kila mwaka. Akaandika muda mrefu, kisha akasoma. Mfanyakazi wa Kampuni anayejulikana kwa jina la Alute ni mwanamke aliyepo hapa mwenye gongo. Kwa makusudi ya sheria ya fidia, mwanamke huyo ni mwanaume. Kampuni imfidie kwa mguu wake, na fidia ipitie bomani.

Watu walipiga vigelegele nje, chini ya jua. Rahabu hakupiga. Alikaa juu ya ngazi ya baraza akavua kiatu cha mguu wa kushoto, akausugua. Alute akaja akakaa pembeni yake. "Nilikuwa nataka kusaidia," akasema.

"Najua," Rahabu akasema. Akavaa kiatu, akaongeza, "Lakini umechechemea vibaya sana, Baba Esta." Ndipo wote wawili wakacheka.

Fidia ilikuja. Wazee wa ukoo wa Alute walikuja pia, kuuliza kama mguu wa mke si mali ya ukoo. Rahabu aliwapa uji, akawaambia wamwulize Bwana Shauri, maana kwa hukumu yake yeye ni mwanaume, na mwanaume hujisemea mali zake. Walikunywa uji wakaondoka. Akanunua punda wawili na kuanza kubebea watu mazao toka Unyambwa mpaka sokoni, yeye akiwa amekaa juu ya punda wa mbele na Alute akitembea nyuma kwa miguu yake miwili.

Mwenye kufurahia hukumu zaidi alikuwa karani wa kodi. Wanawake walikuwa hawatozwi kodi ya kichwa, wanaume walitozwa. Sasa kitabu chake kilikuwa na Alute wawili mahali palipokuwa na mmoja. Alipofika, Alute alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akamwonyesha mkewe. "Alute ni huyo," akasema. "Soma hukumu." Ilibidi Rahabu apande punda aende bomani kueleza kwamba yeye ni mwanaume wa mguu tu, vichwa ni habari nyingine. Huko walibishana mpaka jua likazama, na mwishowe karani akaandika Alute mmoja, yule mwenye ndevu.

Kampuni nayo ilijirekebisha. Bwana Taratibu alipokea maagizo kutoka Dar es Salaam kwamba wanawake wote waandikwe kwa majina yao wenyewe. Wakaandikwa. Na kwa kuwa walikuwa sasa wanawake hata kwenye karatasi, wakalipwa nusu.

Elizabeti alikuja Unyambwa na wenzake wote, wakakaa mbele ya tembe ya Rahabu. "Dada," akasema, "sikatai, ni vizuri kuitwa jina langu. Lakini marehemu baba alikuwa analipwa vizuri kuliko mimi."

Wakili alipokuja tena Singida kwa kesi yake ileile iliyoahirishwa, alikuta kibaraza cha duka la ndugu yake kimejaa wanawake, na Rahabu ameketi katikati yao, mguu ameunyosha mbele. Akawasikiliza wote. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mama, hilo nililitazama," akamwambia. "Sheria inaruhusu. Hakuna mahali inapomkataza mwajiri kumlipa mwanamke nusu."

"Tumeelewa," Rahabu akasema. "Basi tuandikie hivyohivyo, kwamba inaruhusu. Kisha utuambie aliyeiruhusu anakaa wapi."

Wakili alikunja mikono ya shati. Halafu akamwita ndugu yake aliyekuwa ndani ya duka, akamwomba alete chai, na kiti kingine, na wino.